Bunduki ya Bega Lake

Mtu akienda kununua kiatu, hupima mguu wake. Akienda kununua bunduki, jamani, humpima nyati! "Nyati ni mkubwa," watasema, "basi tupe kubwa," na hakuna hata mmoja atakayeuliza ni nani ataibeba, mkono wake una urefu gani, na bega lake limezoea kubeba nini zaidi ya ndoo. Upuuzi huu nimeusikia kwa watu wenye akili zao timamu, wenye nyumba na vyeo, na ndio uliomwachia Mama Chujio ujane.

Jina hilo alipewa kazini. Mji wao ulikunywa maji ya mto uliotoka msituni, juu mlimani, na pale mto ulipoingia kwenye bomba kuu palikuwa na birika la zege lenye machujio ya waya. Majani, matope na vyura huyaziba machujio hayo, na yakiziba, mabomba ya mji mzima hukohoa hewa. Kwa hiyo kila wiki kundi dogo lilipanda kusafisha. Alikuwepo msimamizi, aliyeitwa Bwana Presha kwa sababu ya maji na pia kwa sababu ya ugonjwa wake. Alikuwepo mchimbaji aliyeitwa Redio, kwa kuwa Mungu alimnyima kitufe cha kuzimia. Alikuwepo Mama Chujio na brashi yake ya chuma. Na alikuwepo mumewe, aliyebeba bunduki. Maana msitu ule una nyati, na nyati dume aliyefukuzwa na kundi lake uzeeni hana rafiki wala haya.

Bunduki ya mume ilichaguliwa na mama yake mzazi. Kijana mwenyewe alipopata kazi ile ya ulinzi alitaka ya wastani, lakini mama alifuatana naye mpaka kwa fundi bunduki, akatangaza mbele ya wateja kwamba mwanawe wa pekee hatabeba fimbo ya kuchungia mbuzi. Akaona mtutu mnene kuliko yote pale ukutani, akaunyooshea kidole. "Hiyo." Na kweli, kijana alipopita nayo mtaani watu walisimamisha mazungumzo. Mama alikuwa akisimama mlangoni kumtazama mpaka apinde kona, ndipo arudi ndani kwenye shughuli zake.

Lakini bunduki ile ilikuwa inapiga pande mbili: mbele kwa risasi, nyuma kwa kitako. Kila mume alipotoka kiwanja cha shabaha bega lilikuwa limevilia damu, na mkewe ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, mlango umefungwa, kwa sababu mwanamume hakutaka mama yake ajue. Mwishowe akaacha kabisa kwenda kufanya mazoezi. "Risasi zenyewe ghali," alisema. Ghali wapi! Mkewe alishamwona akifyatua. Kabla kidole hakijavuta, uso wote ulikunjamana na macho yakafumba, kama mtoto anayesubiri sindano.

Siku nyati alipotoka kwenye matete kando ya birika, mume alifyatua mara moja tu. Risasi ilichimba udongo, hatua chache mbele ya miguu yake mwenyewe. Ya pili hakuiwahi. Watu wa wanyamapori walimfuatilia nyati yule wakamuua kesho yake, kwa hiyo hapakubaki kisasi cha kulipwa. Mtaani ikasemwa kwamba marehemu alipambana kiume, risasi ilimpata mnyama barabara, ila siku yake ilikuwa imefika. Mama Chujio alikuwa nyuma ya birika, brashi mkononi, na ule udongo aliuona ukiruka. Alimwangalia mama mkwe wake anavyojifariji kwa maneno ya watu, akaufumba mdomo.

Baada ya hapo kundi halikupanda tena bila askari wa wanyamapori, na askari hao walikuwa na msitu mzima wa kuushughulikia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Machujio yakaziba, mabomba yakakauka, wagonjwa wakaambiwa waje zahanati na maji yao, na Bwana Presha akawa hawezi kwenda hata kunyolewa bila kutukanwa. Ndipo wakubwa wa maji wakaamua: mmoja wa kundi ajifunze, apate kibali, abebe bunduki. Bwana Presha akamtazama Redio. Redio siku hiyo akakatika umeme, akawa anakagua kamba za viatu vyake.

"Nitabeba mimi," Mama Chujio akasema.

"Wewe? Shemeji, acha utani," umeme ukarudi ghafla.

"Kazi yangu iko kule juu. Kupanda nitapanda tu. Basi nikipanda, bora nijue bunduki imeshikwa na nani."

Hakusema zaidi ya hapo, ila moyoni alikuwa ameshaapa: hatasimama tena nyuma ya mtu aliyefumba macho, na hakuna mke mwingine wa kundi lile atakayeletewa mumewe amefunikwa turubai. Alikuwa amekata shauri, na mwanamke yule akikata shauri, usipoteze mate yako.

Mama mkwe aliposikia alifurahi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Waliishi nyumba moja, wawili tu. "Bunduki ya mwanangu itarudi njiani!" akasema, na asubuhi yake akavaa gauni lake la kutokea ili amsindikize mkwewe kwa fundi. Ile bunduki ilikuwa huko, imefungiwa, maana sheria haikuruhusu silaha ikae nyumbani kwa watu wasio na kibali.

Karakana ya fundi ilinuka mafuta na mbao mbichi. Kulikuwa na jiliwa kubwa la chuma juu ya meza, la kubania kinachokatwa, vipande vya vitako vilivyokatwakatwa sakafuni, na bunduki zimesimama ukutani zimepitishiwa mnyororo mmoja. Fundi mwenyewe, kwa miaka mingi ya milio, alikuwa amepoteza sikio moja, kwa hiyo aliongea na kila mtu kama aliye ng'ambo ya mto. Bwana Presha na Redio walishafika, msimamizi kwa sababu lazima aridhike na mlinzi wake, Redio kwa sababu lisingempita jambo kama hilo. Bunduki ya marehemu ilipotolewa kabatini, mama mkwe alitoa leso akakifuta kitako taratibu, hapa na pale, hata pasipo na vumbi. Wote wakamwacha amalize.

Wakatoka nyuma, penye kiwanja chenye tuta la udongo na karatasi ya shabaha. Fundi alikuwa na mtindo wake. Hakumruhusu mtu kutia risasi mwenyewe siku ya kwanza. Aligeuka akawapa mgongo, akatia yeye, akakoki kwa kulivuta na kulirudisha komeo la ubavuni, ndipo akampa Mama Chujio.

Mlio ulipiga mpaka kwenye meno. Mama Chujio alirudi nyuma hatua, bega likawaka moto, na karatasi ikatoboka pembeni kabisa. Mama mkwe akapiga kigelegele. Fundi akaichukua bunduki, akageuka, akageuka tena.

"Ya pili! Usiharakishe!"

Akalenga. Akavuta. Ikasikika *ka*, basi. Hakuna mlio, hakuna moshi. Ila mtutu, bila kusukumwa na chochote, ulidondoka chini kama uliokatwa kamba, na macho ya Mama Chujio, alipojitambua, yalikuwa yamefumba.

"Sikutia risasi!" fundi akapaza sauti. "Bunduki haijapiga, lakini wewe umeshapigwa! Risasi yako ingekuwa pale!" Akaonyesha udongo, hatua chache mbele ya miguu yao.

Mama Chujio aliuangalia udongo ule. Kumbe hivi. Kumbe ilikuwa hivi hivi tu, wala si mkosi wala siku kufika. Alitamani kupiga kelele.

"Ah, leteni mimi," Redio akajitia kimbelembele. Akapewa, akafanyiwa mchezo ule ule, na pale bunduki ilipotoa *ka* karibu apige magoti. Fundi akacheka mpaka akajishika kiuno. Bwana Presha alipokaribishwa akasema daktari amemkataza.

Mama mkwe hakucheka. "Huo ni woga wa mwanamke," akasema, "na huyu Redio ni mdomo tu. Mwanangu hakuwa hivyo."

Jibu lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Mama Chujio akalimeza, akageukia upande wa pili.

"Fundi," akasema, "naomba ile ya katikati, pale ukutani. Sheria inairuhusu kwa nyati?"

"Inairuhusu! Ndiyo ya mwisho! Ukishuka chini ya hapo unamtia hasira tu!"

"Ilete."

Ilikuwa bunduki isiyo na urembo, mtutu wa kawaida, mbao ya kawaida. Fundi akamwambia afumbe macho, aipandishe begani mahali ilipopenda, kisha afumbue. Alipofumbua hakuona shabaha wala alama ya kulengea. Aliona chuma tu. Kitako kilikuwa kirefu kwa mkono wake. Bunduki karibu zote, fundi akaeleza, huchongwa kwa mkono wa mwanamume mrefu ambaye hakuna anayemjua. Akairudisha ndani, akaibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno na kukata ubao mwembamba nyuma ya kitako, akapiga tupa, akafunga mpira mweusi wa kupunguza kishindo. Mara hii Mama Chujio alipofumbua macho, kinundu cha kulengea, kule kwenye ncha ya mtutu, kilikuwa kimekaa chenyewe katikati ya mkato wa nyuma, kinamsubiri. Akatabasamu peke yake.

Akafyatua. Msije mkadhani ilimbembeleza. Ilimgonga vizuri tu. Lakini aliiona karatasi ikitoboka, maana yake macho yalikuwa wazi. Fundi akarudia mchezo wake wa kugeuka na kugeuka. *Ka*. Mtutu ukabaki pale pale ulipokuwa.

"Ni hii," Mama Chujio akasema.

Bwana Presha alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa valvu na vipimo, na vipimo vilimwambia kubwa ni kubwa. "Ukikosea, dada yangu, sisi ndio tutakaokanyagwa."

"Na ile kubwa nitaikosea kwa hakika, bosi. Umeona mwenyewe."

Mama mkwe akakunja leso yake, akaitia kwenye mkoba, akaufunga. "Sikiliza nikwambie. Ukiiacha bunduki ya mwanangu hapa, usinisemeshe tena. Watu watasema mwanangu alibeba kitu kisichofaa."

Hilo ndilo lililomlemea mama mkwe, si bunduki. Mama Chujio alimpenda yule mama. Ndiye aliyempokea alipoolewa, ndiye aliyemfundisha nyumba ile na jiko lake. Lakini kule juu kulikuwa na matete, na nyuma ya birika watasimama watu.

"Naiacha, mama."

Mama mkwe akaondoka zake kwa miguu, peke yake, na hakugeuka nyuma.

"Shemeji," Redio akanong'ona, "wahenga walisema mchagua jembe si mkulima."

"Wahenga walikuwa wanalima. Jembe likikosea halikurukii kifuani."

Kibali kilichukua muda wake, kama vibali vyote, na muda ule Mama Chujio hakuuchezea. Kiwanjani alikwenda kila aliporuhusiwa, na alikwenda na bunduki ya bega lake, si ya bega la mtu. Fundi alimpigia kelele jambo moja mpaka akaliota: asiishushe bunduki baada ya risasi ya kwanza. Wengi hushusha ili watazame kama wamepiga. "Habari anazo nyati!" fundi alisema. "Tulia, atakuletea mwenyewe! Wewe koki!" Basi akajifunza kukoki kitako kikiwa begani bado, jicho mbele, mkono wa kulia ukienda na kurudi kwenye komeo bila kuulizwa. Fundi akamtengenezea kirungu cha mbao chenye urefu na uzito ule ule na komeo bovu la chuma, akawa anajizoeza chumbani kwake, akilenga kifungo alichokishonea kwenye pazia.

Mtaani walimcheka. Walisema mjane anakwenda kuwinda sungura. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomuuma ni ndani ya nyumba. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa mama mkwe: "Shikamoo, mama." Kimya. Chakula alikikuta kimefunikwa, maji ya kuoga yamewekwa, nguo zimeanuliwa. Haki zote alizipata isipokuwa marahaba. Kijana anaweza kulala njaa akaamka, lakini salamu isiyoitikiwa inakaa kifuani kutwa nzima. Na kesho yake aliamkia tena.

"Si umwombe tu radhi?" Bwana Presha alimshauri.

"Kwa kosa gani, bosi?"

Msimamizi akalitafuta kosa, akalikosa.

Siku ya kwanza ya kupanda ilikuwa ya jua jepesi. Mama Chujio aliongoza njia, bunduki mkononi, si begani. Walikuta machujio yamefumwa na majani mpaka yamekuwa kama mkeka, na moja limekwama kabisa kwenye reli zake kwa kutu na mchanga. Redio na Bwana Presha wakaingia kazini. Wakavuta, wakagonga, wakavuta tena. Jasho likawatoka.

"Shemeji, shika hapa kidogo tu," Redio akaita. "Wewe ndiye unalijua hili."

"Sishiki."

"Unaona tunavyoumbuka?"

"Naona. Sishiki."

Bwana Presha akanyanyua kichwa, uso umeiva. "Mume wako alikuwa anatusaidia, bunduki anaiegemeza tu hapo kwenye ukuta."

"Najua, bosi. Anayebeba bunduki habebi kingine. Vuteni."

Mikono ilimwasha kweli. Lile chujio angelilegeza kwa kulipiga upande wa chini, ndivyo lilivyozoea, na akawaambia hivyo kwa mdomo, macho yakiwa kwenye matete. Redio akaanza kunung'unika kwamba vyeo vinaharibu watu. Hakuyamaliza, kwa sababu ndege wadogo waliruka kwa pamoja kutoka kwenye matete, na nyuma yao matete yenyewe yakafunguka.

Alikuwa dume mzee, pembe zimechakaa ncha, tope limemkaukia ubavuni. Akasimama. Akainua pua.

"Ingieni majini," Mama Chujio akasema taratibu.

Hakuna aliyebisha. Birika likapokea msimamizi na mchimbaji kwa mkupuo mmoja, na mlio ule wa maji ndio uliomkatia nyati shauri. Aliinamisha kichwa akaja.

Mama Chujio alipandisha bunduki na kinundu kikawa mahali pake. Aliuona udongo ukirushwa na kwato. Aliona sikio moja lililochanika. Akavuta, akaona vumbi likipasuka kwenye paji la uso, chini kidogo ya ukingo wa pembe, na nyati akayumba, akaendelea kuja. Mkono ulikwenda ukarudi. Kitako hakikutoka begani. Sasa aliona pua, imelowa, na juu yake mahali padogo palipotakiwa, akapalenga, akavuta tena. Magoti ya mbele yakakunjika, mwili wote ukaserereka juu ya majani, na pembe ikagonga zege kando ya kiatu chake.

Akakoki tena. Akasubiri, jicho mbele. Nyati hakuwa na habari nyingine ya kuleta.

Birikani vichwa viwili vilikuwa vimeibuka. Mwishowe Bwana Presha akasema kwa sauti ndogo, "Redio, hebu sema neno, nijue kama niko hai."

Mama Chujio akatoa risasi iliyobaki, akaweka sefti ili isifyatuke, akakaa chini kwenye ukuta wa birika, akalia. Walidhani ni hofu. Wakatoka majini wakiwa wanachuruzika, wakampigapiga mgongo. Haikuwa hofu. Alilia kwa sababu muda ulikuwepo. Miezi yote ile alijiambia kwamba yalitokea upesi mno, kwamba hakuna binadamu angeweza. Kumbe kwa mtu mwenye macho wazi, muda ulikuwepo, tena wa kutosha na kubaki.

Alipofika nyumbani jioni, habari ilikuwa imeshamtangulia, na bomba la uani lilikuwa linatoa maji. Mama mkwe amekaa kwenye kiti karibu nalo, ndoo imejaa na kumwagika, hajaifunga koki. Mama Chujio akaifunga yeye.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alimwangalia viatu, matope, bega. "Alikuja kwa mbele?" akauliza. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kutotumika.

"Kwa mbele, mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona mpaka pua yake."

"Na mwanangu?" Akajikaza. "Usinifiche. Wewe ulikuwepo. Mwanangu alimwona?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na marahaba yake angeipata kila asubuhi mpaka kufa. Mama Chujio alipiga goti mbele ya kile kiti.

"Hapana, mama. Alifumba macho. Ile bunduki ilikuwa inamuumiza, alikuwa anaiogopa. Risasi ilikwenda chini."

Mama mkwe hakupiga yowe. Mama Chujio akaishika mikono yake yote miwili juu ya magoti, na wakakaa hivyo mpaka uani pakaingia kiza.

"Angekuwa na hii yako," mama akasema, "angerudi?"

"Angerudi."

"Mimi ndiye niliyemchagulia."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akanyooka kitini, na aliposema, alisema kama mtu anayetoa amri nyumbani kwake.

"Kesho tunakwenda kwa fundi, mimi na wewe. Ile kubwa asiiuze. Aitie kwenye jiliwa aikate kwa msumeno, vipande vipande, nami niko pale naona. La sivyo, kuna mama mwingine atakuja na mwanawe, ataiona pale ukutani."